Nambunda na Majani Yaliyozikwa

Wajukuu zangu, mmefika wote?

“Tumefika, Bibi!”

Na masikio mmekuja nayo, au mmeyasahau shuleni?

“Tumekuja nayo!”

Basi sogeeni karibu. Mvua hii haikatiki leo mchana, na maharage haya hayatajipukuchua yenyewe. Mikono iwe kwenye maganda, masikio yawe kwangu.

Zamani. Siyo zamani ya babu yenu, wala ya babu wa babu yenu. Zamani ile ambayo mahindi yalikuwa hayajaijua njia ya kupanda huku Umatengo, kahawa ilikuwa haijafika, na kengele ya kanisa ilikuwa haijalia hata mara moja. Zamani hiyo palikuwa na watu kwenye mlima kama huu wetu, na watu wale walikuwa na njaa.

Hawakuzaliwa mlimani. Walikimbia. Kule chini kwenye tambarare walikuja wavamizi wenye mikuki mifupi na ngao za ngozi ya ng'ombe. Wakachoma vijiji, wakawafunga watu kamba shingoni, wakaondoka nao. Waliobaki wakapanda juu. Wakapanda, wakapanda, wakapanda, mpaka mahali ambapo mvamizi akiinua macho kutazama anachoka kabla hajaanza safari. Wengine wakalala mapangoni, wengine wakajenga vibanda kwenye miamba. Na mlima wenyewe ulisimama wima! Ukiangusha kibuyu mlangoni, unakwenda kukiokota mtoni.

Aliyewaongoza ni mzee mmoja, Kapinga. Mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kutuliza mbwa. Mke wake aliitwa Nakomba. Walikuwa na mtoto wa kiume, Ndimbo, mfumaji wa nyungo na matenga ya mianzi, mtu mpole, mwenye mikono isiyokaa bure. Na Ndimbo alikuwa na mke. Huyo ndiye mwenye kisa. Walimwita Nambunda, kwa kuwa alitoka kwa kina Mbunda.

Nambunda hakuwa mzuri wa kutungiwa nyimbo. Alikuwa mfupi, mwenye paji pana la uso, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: akiona kitu, hakipiti. Atakiinamia. Atakigeuza. Atauliza. Akikuta mdudu amebeba jani, atamfuata mpaka shimoni kwake, na maji ya kupikia yanasubiri.

Sasa sikilizeni walivyolima watu wale. Mwaka wa kwanza walikuta msitu. Wakakata, wakachoma, wakapanda ulezi kwenye majivu. Ulezi ukapanda mpaka kifuani kwa mtu mzima! Wakala, wakasaza, wakacheza ngoma. Mwaka wa pili wakachoma, wakapanda, wakavuna. Mwaka wa tatu wakachoma, wakapanda, wakavuna kidogo. Mwaka wa nne wakachoma, wakapanda, wakavuna nini?

“Kidogo sana, Bibi!”

Hata hicho kidogo sana hawakukipata, Longino. Ulezi ulifika gotini, ukageuka njano, ukalala chini kama mgonjwa.

Watu wakasema, mlima umetuchoka. Wengine wakasema, tumerogwa. Lakini siku moja ya mvua Nambunda alishuka mtoni kuteka maji, akarudi na kibuyu kitupu, akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa anachana mianzi.

“Ndimbo, nimelikuta shamba letu.”

“Limepotea?”

“Limo mtoni. Linakwenda zake.”

Ndimbo akaweka kisu chini. “Mke wangu, njaa imekupanda kichwani?”

“Maji ni mazito kama uji wa ulezi. Na ule udongo mweusi tuliokuwa nao juu umelala kule ukingoni, na matete yaliyoota pale ni manene kuliko mguu wangu. Matete yanakula chakula cha ulezi wetu. Na nusu nyingine ilishaondoka siku tulipowasha moto. Niliuona moshi ukienda. Wewe hukuuona?”

“Niliuona. Moshi ni moshi.”

“Msitu mzima ulikwenda juu, Ndimbo. Ulipoondoka, ulirudi?”

Ndimbo akaokota kisu chake. Lakini siku hiyo hakuchana mianzi mingi.

Njaa ikazidi. Wakala mizizi, wakala uyoga, wakala majani ambayo leo hata mbuzi wa Baba Osmundi hayataki. Na mama mkwe wake Nambunda, yule Nakomba, kila chungu kilipoteguliwa alikuwa anasema, “Mimi nimeshakula. Mpeni mtoto.” Nambunda alikuwa na binti mdogo wa miaka mitatu. Asubuhi, “Nimeshakula, mpeni mtoto.” Jioni, “Nimeshakula, mpeni mtoto.” Nambunda, mwenye macho ya kuona kila kitu, hili hakuliona mapema. Alikuja kuliona siku alipomshika mama mkwe mkono amwinue, akakuta mkono mwepesi kama bua kavu. Siku tatu baadaye Nakomba hakuamka.

Hapo nyamazeni kidogo. Huyu ni mama yetu pia.

Walimzika kwenye mteremko, maana tambarare haikuwepo. Mwamba ulikuwa karibu, kaburi likawa fupi, na mvua zilikuwa zimeanza. Ndimbo akaogopa. Akasema, “Maji yatamfukua mama yangu.” Basi akakata majani marefu ya mlimani, akayafunga mafungu mafungu, akayalaza juu ya kaburi, haya yamelala hivi, yale yamekatiza hivi, kama mtu anayeanza kufuma ungo. Akayatandaza mpaka nje ya kaburi, hatua mbili tatu kila upande, ili yashike. Kisha wakachota udongo wa pembeni wakayafunika yote.

Kila mtu alipogeuka kuondoka, Nambunda alibaki. Akafungua fundo la nguo yake. Mlikuwa na maharage ya mbegu, ya kujaza kiganja kimoja, ya mwisho nyumbani kwake. Akayatia kwenye udongo ule, moja moja, juu na pembeni pote.

Wifi yake, dada wa Ndimbo, akapiga kelele. “Unafanya nini? Unazika mbegu?”

“Mama amekufa na njaa,” Nambunda akasema. “Hawezi kwenda hivyo.”

Wifi akalia, Nambunda akalia, wakaondoka pale wameshikana.

Siku ile ukoo ukakaa kwenye sengu. Sengu mnaijua? Wakubwa mnaijua. Ni pale watu wa ukoo mmoja wanapokula pamoja, kila nyumba inaleta chungu chake, na mambo ya ukoo yanazungumzwa hapohapo. Vyungu vililetwa vichache, na ndani mlikuwa na maji ya moto na majani. Mzee Kapinga hakunawa mikono. Akasema:

“Nimezika mke. Sitazika wajukuu. Mvua hizi zikiisha na maghala yakiwa matupu, tutashuka tambarare.”

“Kwa wavamizi, Baba?” akauliza Ndimbo.

“Kwa wavamizi. Watatufunga kamba, lakini watatulisha.”

Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu, akaanza kumshikashika shingo, bila kujua anachofanya.

Mvua zikanyesha. Ulezi waliopanda mwaka ule ukatoka, ukageuka njano, kama kawaida. Lakini kule kaburini, wajukuu zangu! Kule kaburini maharage yalitoka yakiwa na majani mapana kama masikio ya ndovu. Ya kijani, ya kijani mpaka yanakaribia weusi. Yakatambaa, yakachanua, yakaanza kubeba.

Watu wakaogopa. Wakapita mbali. “Ni Nakomba,” wakasema. “Ameshiba huko aliko.” Wengine wakasema amekasirika. Mzee Kapinga akatoa amri: asiguse mtu yeyote.

Nambunda akakaa siku moja. Akakaa siku mbili. Siku ya tatu akaenda, akachuchumaa, akatazama. Na alichokiona ni hiki. Maharage ya katikati, pale alipolala mama, yalikuwa mazuri. Na ya pembeni, hatua tatu kutoka alipolala mama, yalikuwa mazuri vilevile. Lakini mche mmoja ulioota kule nje kabisa, mahali ambapo majani ya Ndimbo hayakufika, ulikuwa njano, mwembamba, kama ulezi wa shambani.

Akasema peke yake, “Mama hayupo hapa pembeni. Hapa pana majani tu.”

Akaingiza vidole kwenye udongo, palepale pembeni. Yale majani yaliyokatwa mabichi, marefu, yenye ncha za kukata ngozi, hayakuwepo tena. Palikuwa na kitu cheusi, laini, chenye uvuguvugu, kimejaa minyoo ya udongo. Akakinusa. Akafumba macho. Akakinusa tena.

“Unamfukua mama!”

Alikuwa wifi yake, amesimama juu ya mteremko, kichwani ana mzigo wa kuni. Akautupa mzigo, akakimbia akipiga ukelele. Kabla jua halijasogea, Nambunda alikuwa ameketishwa katikati ya sengu, vidole vyake bado vyeusi, na watu wamemzunguka.

Mzee Kapinga akavitazama vile vidole. “Mkwe wangu. Umeingiza mkono kwenye kaburi la mke wangu?”

“Sikumgusa mama, Baba. Niligusa majani.”

“Majani gani?”

“Aliyoyalaza mwanao Ndimbo, Baba. Yamekufa, na maharage yanayala.”

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

“Maharage hayana meno,” Kapinga akasema.

“Mtoto mchanga naye hana, Baba, na anakula. Anakula kilichokwisha kulainishwa. Minyoo na uozo wa ardhini wameyalainisha majani, na mizizi inanyonya. Tukichoma majani, chakula kinakwenda juu na moshi, na majivu yanayobaki mvua inayapeleka mtoni. Kila mwaka tunachoma. Kila mwaka tunatoa, tunatoa, hatujarudisha hata siku moja. Mlima hautuchukii. Tumeumaliza.”

Oneni ujasiri huo! Mwanamke mwenye njaa, anayetuhumiwa uchawi, anamwambia mkuu wa ukoo kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mimi nikiwaza hapo hata leo nywele zinanisimama.

Kapinga akauliza, “Unataka nini?”

“Nipe kipande cha mlima. Kibaya kuliko vyote, kile mlichokiacha. Nisichome. Nipande maharage kwenye hizi mvua za mwisho.”

“Na yasipoota?”

“Yasipoota tutashuka wote, kama ulivyosema.”

“Hapana,” akasema Kapinga. “Yasipoota, wewe utatangulia. Utakwenda peke yako kuwaambia wavamizi kwamba tunakuja.”

Ndimbo akasimama. “Baba!”

“Kaa chini.”

Ndimbo hakukaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kutomtii baba yake. Akasema, “Akitangulia, tutatangulia wawili.”

Kipande walichopewa kilikuwa mgongo mtupu wa mlima, unaoteleza, umeota majani magumu tu. Ndimbo akakata majani. Akayakausha siku chache, kisha akayalaza chini kwa mistari. Na kwa kuwa alikuwa mfumaji, mikono yake haikujua kulaza kitu ovyo. Akalaza mistari ya kushuka, akalaza mistari ya kukatiza, mpaka mlima ukawa na miraba kama ungo mkubwa. Nambunda akamfuata na jembe. Alihitaji udongo wa kuyafunikia. Angeutoa wapi? Akauchimba katikati ya kila mraba, akautupa juu ya majani pande zote nne. Pale alipochimba pakabaki shimo.

Nasema pakabaki shimo, kwa sababu shimo hakulikusudia. Bibi yangu alikuwa anasisitiza sana hapo. Nambunda alikuwa anatafuta udongo, basi. Mashimo yale alikuwa anayaonea hata aibu.

Watu wakapita kutazama. “Nambunda anachimba makaburi yetu sote,” wakasema. “Ndimbo anafuma ungo wa kupepetea mawe.” Ndimbo akalaza majani. Nambunda akachimba. Ndimbo akalaza, Nambunda akachimba. Asubuhi wakalaza wakachimba, mchana wakalaza wakachimba, tumboni hamna kitu isipokuwa maji. Mbegu walizitoa kaburini, kwa ruhusa ya mzee, ganda kwa ganda, kadiri yalivyokauka. Wakazipanda juu ya yale matuta ya majani na udongo.

Zikaota. Zikatoka zikiwa njano.

“Aah, Bibi!”

Ndiyo, njano! Gaudensia, usinune, ndivyo ilivyokuwa. Juma la kwanza njano, juma la pili njano. Watu wakapita wakitikisa vichwa. Wifi yake akaja, akatazama, safari hii hakupiga kelele. Akasema tu, “Wifi, mimi nitakaa na mtoto wako ukienda.” Maneno hayo yalimuumiza Nambunda kuliko matusi yote.

Kumbe wadudu wa ardhini wanapoanza kuyala majani makavu, wao wenyewe ndio wanaokula kwanza, tena wanakula mpaka cha jirani. Mmea unasubiri zamu yake. Haya sikuyajua mimi; kaniambia Fides, dada yenu anayesomea kilimo. Alikaa palepale ulipo wewe Longino, akanitajia majina. Kuna naitrojeni, kuna fosforasi, kuna potasiamu, kuna kaboni iliyo kwenye moshi na kwenye pumzi tunayoitoa. Akasema, Bibi, vitu hivi havizaliwi shambani wala havifi. Vinatoka ardhini vinaingia kwenye jani, vinatoka kwenye jani vinaingia kwa mbuzi, kwa mbuzi vinaingia kwako, na kwako vinarudi ardhini. Nikamwambia, mwanangu, Nambunda hakuyajua majina hayo, lakini wenye majina aliwafahamu. Fides akacheka. Tena akang'oa mche wa haragwe, akanionyesha mizizi, ina vifundo vidogo vidogo, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu. Humo, anasema, wanakaa vijidudu wanaoiteka naitrojeni hewani na kuileta chini. Miaka sabini nimepalilia maharage, vifundo vile nilikuwa nadhani ni ugonjwa! Nilikaa nikavitazama mpaka chakula kikapoa.

Tuendelee. Juma la tatu ikaja mvua.

Siyo mvua hii ya kwenu. Ile ilinyesha siku tatu bila kupumua. Mlima ukaunguruma. Watu wakakaa mapangoni wanasikia mawe yanapita. Siku ya pili mashamba ya ulezi yakaanza kuteleza, kipande baada ya kipande, udongo na mizizi na mabua, vyote mtoni. Ndimbo akataka kutoka kwenda kuona shamba lao. Nambunda akamshika. “Likiwa limekwenda limekwenda,” akasema. “Usiende nalo.”

Siku ya nne jua likatoka. Watu wote wakatoka. Mlima ulikuwa umechubuka, mwekundu, kama goti la mtoto aliyeanguka. Shamba la Kapinga halipo. La wifi halipo. Huko na huko miamba mitupu.

Wakageuka kutazama ule mgongo mbaya.

Ulikuwepo.

Mashimo yote yalikuwa yamejaa maji, na kila shimo lina kipande chake cha mbingu ndani. Mamia ya vipande vya mbingu, juu mpaka chini! Maji yalikuwa yameteremka, yakakutana na shimo, yakatulia. Yakafurika kidogo, yakakutana na shimo la pili, yakatulia. Udongo uliokuwa unataka kukimbilia mtoni ulichoka njiani, ukalala humo mashimoni, mweusi, laini. Na juu ya matuta, kwenye majani yaliyozikwa, maharage yalikuwa yamesimama. Na rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka. Kwa mbali bado ungebisha. Kwa karibu usingebisha.

Nambunda akaketi chini kwenye matope. Hakucheka, hakulia. Akasema, “Kumbe mashimo.” Basi. “Kumbe mashimo.”

Baada ya hapo maharage hayakusubiri mtu. Yakawa kijani, yakawa kijani zaidi, yakachanua meupe mlima mzima. Nyuki wakaja, ambao hawakuonekana kule tangu msitu uchomwe. Yakabeba maganda marefu kama kidole cha kati, mengine mawilimawili, mengine matatu pamoja.

Siku ya kuvuna, Mzee Kapinga alikuja peke yake, mapema, umande bado upo. Alimkuta Nambunda ameshaanza. Hakumsalimia. Akapiga goti pembeni ya tuta, na magoti yale ya mzee yalilia. Akaingiza mkono kwenye udongo mpaka kiwikoni. Akautoa, akaunusa. Akabaki hivyo, kiganja kimefunika uso.

“Baba?” Nambunda akaita. “Baba, unaumwa?”

“Hii harufu,” akasema mzee. “Unaijua hii harufu?”

“Ni ya majani yaliyooza, Baba.”

“Hapana. Wewe ulikuwa binti, hukuwa mbele siku tulipofika. Mimi nilitangulia. Niliingia kwenye ule msitu wa kwanza, nikachimba kwa kidole, nikanusa, nikawaambia watu, hapa tutaishi. Ilikuwa harufu hii hii. Halafu nikawasha moto kwa mkono wangu.”

Mkwe hamfariji baba mkwe. Lakini Nambunda alisogeza kapu lake karibu naye, na mzee akaanza kuvuna pamoja naye, ganda kwa ganda. Watu walipokuja wakamkuta mkuu wa ukoo ana matope mpaka begani, anavuna kama kijana aliyetoka kuoa.

Siku hiyo sengu ilikuwa na vyungu! Maharage yalichemshwa yakapasuka, mchuzi ukawa mzito. Watoto wakala wakalala hapohapo, midomo bado inatafuna. Mzee Kapinga safari hii alinawa mikono. Akasema maneno matatu mbele ya wote. La kwanza, hakuna kushuka. La pili, asiwashe mtu moto shambani. La tatu lilimtoka kwa shida. Akasema, “Mkwe wangu, nilikuweka kwenye njia ya kamba. Nisamehe.”

Nambunda akapiga magoti kama inavyompasa mkwe, akasema, “Baba, ulitupandisha huku juu tukiwa hai. Usingefanya hivyo, nisingekuwepo wa kukuudhi.” Watu wakacheka, na mzee akacheka, na ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia akicheka tangu amzike Nakomba.

Msimu uliofuata mlima mzima ulifumwa. Wanaume walikata na kulaza majani, wanawake walichimba na kufunika. Mabua ya maharage yakarudishwa mashimoni. Magugu mashimoni, maganda mashimoni, mavi ya mbuzi mashimoni. Na baada ya mavuno, pale palipokuwa shimo waliweka tuta, pale palipokuwa tuta wakachimba shimo, ili udongo uzunguke kama watu wanaopokezana zamu. Waliyaita mashimo hayo ngoro. Ndiyo haya haya mnayoyaona nje, ndiyo haya mama zenu wanayachimba. Wengine wanasimulia kwamba yalianza vingine. Na wasimulie. Mimi nimepewa hiki.

Nambunda alizeeka. Binti yake akaolewa, akazaa, akazaa tena. Kamba ya mvamizi hawakuijua. Na habari zikasambaa, watu wa milima mingine wakaja na mbuzi na vitambaa, wakamkuta kikongwe amekaa anachambua mbegu. Wakamwambia, “Mama, tumesikia una dawa ya kushibisha udongo. Tuuzie.”

Akawatazama na lile paji lake pana. Akasema, “Rudini na mbuzi wenu. Sina dawa. Udongo sikuuongezea kitu. Niliacha tu kuutupa mtoni na angani.”

Basi, wajukuu zangu, hilo ndilo la kubeba. Haragwe hili nililoshika lilishakuwa jani, lilishakuwa mnyoo, huenda lilishakuwa maziwa ya mbuzi na jasho la mtu ambaye hatumjui. Hatukuliumba sisi, tumeazimwa tu kwa msimu mmoja. Mtu anayekula na kurudisha, nyumba yake itapika kesho na keshokutwa. Anayekula na kuchoma, anakula sahani ya mjukuu wake. Na mkimwona mtu kati yenu anainama kutazama kitu ambacho wengine wanakiruka, msimcheke mapema. Mwacheni atazame. Pengine ameona ninyi mtakula nini.

Nimekisema nilivyokipokea. Niliyempunguzia anisamehe, niliyemwongezea asinidai. Kilikuwa kinywani kwangu, sasa kimo masikioni mwenu, na mdomo wangu uko mtupu. Tumemaliza?

“Tumemaliza, Bibi!”

Basi mmoja achochee moto, mmoja alete chungu.